Paa Lililorudishwa Dukani

Mama Pasi hakuzaliwa na jina hilo, lakini waliomjua kwa lile la kwanza walishazikwa, na waliobaki hawakuona haja ya kuuliza. Alifua na kupiga pasi nguo za watu tangu mikono yake ilipopata nguvu ya kukamua shuka. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito, na kifuniko chake kilifungwa kwa waya baada ya bawaba kukatika. Mtaa ulimheshimu kwa mambo mawili. Shati likitoka kwake, mwenye shati alitembea wima siku nzima kwa kuogopa kulikunja. Na hakuwa na mdomo wa kusimulia aliyoyakuta mifukoni mwa watu, ingawa mifuko ya wanaume wa mtaa ule ilikuwa na mambo.

Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kupiga lipu, na kama walivyo mafundi wengi, nyumba ya mwisho kuikumbuka ilikuwa yake mwenyewe. Alipiga lipu kuta tatu, akaahidi kumalizia wa nne akipata saruji, akafa kabla saruji haijapatikana. Ukuta huo ulibaki udongo mtupu. Juu aliacha paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, yakashikizwa kwa misumari na mawe, na pale debe lilipokosekana ikawekwa nailoni. Jua likiwaka, matundu yalimwaga nuru chumbani mpaka mgeni akadhani ni mapambo. Mvua ikinyesha, mgeni aliaga.

Katika nyumba hiyo alimlea mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Mama wa mtoto alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Baba alisema anakwenda kutafuta maisha, na yaelekea bado anayatafuta. Mtoto alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, unaomshika mtu ndani ya mifupa na kumliza bila kumwachia hata jeraha la kuonyesha. Daktari wa hospitali ya serikali alimkalisha Mama Pasi akamweleza mambo mawili. Dawa mtoto asikose hata siku moja. Na asipigwe na baridi wala kulowa, maana hayo ndiyo yanayoamsha maumivu.

"La dawa nimekuelewa, daktari," Mama Pasi alisema. "Hiyo mvua sasa, utaongea nayo wewe?"

Daktari alicheka, akaita mgonjwa mwingine.

Dawa ilipatikana kwa kadi. Serikali ilikuwa na mpango wake wa kusaidia kaya maskini, na aliyeingizwa humo alipewa kadi ya bluu, akatibiwa na kupewa dawa bila kulipa. Asiye na kadi aliitazama dawa ile kwa mbali, kupitia kioo cha kabati la famasia. Mama Pasi aliingizwa baada ya miguu yake kuanza kuvimba na wateja wake kuanza kununua mashine za kufulia, au nguo zisizohitaji pasi, ambazo kwa maoni yake zilikuwa uvivu ulioshonwa mikono na kola. Kadi aliifunga kwenye kitambaa akaiweka kifuani. Akioga, aliitundika mahali anapoiona.

Shida ya kadi ni kwamba haikuwa ya milele. Afisa wa ustawi, binti mrefu aliyekuja kwa pikipiki, alipita kila baada ya muda kuhakikisha kwamba maskini bado ni maskini. Mtaa ulimbatiza Helmeti kwa sababu hakuivua hata akiwa ndani ya nyumba za watu. Hakuwa na roho mbaya. Alitumwa kutazama, naye alitazama. Juu, paa ni la nini. Chini, watu wanakalia nini. Pembeni, wanalalia nini. Akimaliza alisema, "Haya mama, uko sawa," maana yake hali bado ni mbaya, na Mama Pasi alijibu, "Asante sana, mwanangu." Mjukuu aliwahi kuuliza inakuwaje mtu ashukuru kwa kuambiwa hivyo, akaambiwa anyamaze amalizie uji.

Upande wa pili lilikuwapo kanisa. Akina mama wa kanisa lile walikuwa na desturi yao. Kila mwaka walichagua nyumba ya muumini mnyonge, wakaiita Nyumba ya Furaha, wakaishughulikia mpaka ing'ae. Aliyewaongoza alikuwa Mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa, ingawa sauti ndiyo iliyofika kwanza. Aliyesaidiwa alisimama mbele ya kanisa Jumapili, akapewa maikrofoni, akaeleza alivyokuwa zamani na alivyo sasa, na mwisho akatamka, "Mimi si maskini tena," na kanisa zima likaitikia. Aliyelia alipigiwa vigelegele zaidi. Mzee mmoja aliwahi kupewa viatu, akaambiwa ashuhudie, akasema, "Asanteni, vinanibana," na tangu siku hiyo hakupewa kitu kingine.

Mwaka ule zamu ilimwangukia Mama Pasi. Kwanza walimletea sofa, lile lililokuwa sebuleni kwa Mwenyekiti kabla hajanunua jipya. Lilikuwa la kahawia, la sponji, na lilijaa chumba kiasi kwamba mlango ulifunguka nusu. Mama Pasi alilikalia pembenipembeni, akiogopa kulikera. Mjukuu alilala juu yake tangu mchana mpaka giza likaingia, miguu ameinyoosha, na bibi yake alipomtazama alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi.

Kisha ikaja habari kwamba Helmeti yuko mtaa wa pili. Mama Pasi alitoka mbio kwa jirani yake, fundi viatu, mjane mwenziwe aliyekuwa akipiga soli mlangoni pake na kulalamika juu ya kila kitu.

"Fundi, njoo unisaidie kulihamisha hili dude."

"Linadaiwa?"

"Halidaiwi. Linanishtaki."

Walilibeba kwa kulikokota mpaka chumbani kwa fundi viatu, na Helmeti alipoingia alimkuta Mama Pasi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akatazama juu, akatazama chini. "Haya mama, uko sawa."

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Serikali ikija, sofa lilikwenda kwa jirani na ndoo ikapinduliwa. Kanisa likija, sofa lilirudi na ndoo ikajazwa maji. Hakuna raia aliyeipenda serikali mtaani pale kama fundi viatu, kwa kuwa kila ilipokuja yeye alipata mahali pa kujinyoosha. Alifikia kuulizia kwa nini hawaji mara kwa mara.

Mama Pasi hakucheka sana. Alijua anadanganya, na ilimkera. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfuata mteja hadi stendi kumrudishia noti iliyosahaulika kwenye suruali. Lakini kanisa lilitaka kumwona ameinuka, serikali ilitaka kumwona yuko chini, na yeye alikuwa na nyumba moja tu ya kuonyesha. Angewaambia akina mama ukweli, wangesema anaiibia serikali. Angemwambia Helmeti, kadi ingekwenda. Alijikaza kisabuni, akaendelea kuhamisha sofa.

Sofa lina miguu, lakini paa halina. Hilo alilijua siku Mwenyekiti aliposimama katikati ya chumba na wenzake watatu, akainua macho juu, akayakazia madebe.

"Mpendwa," alisema, "Mungu amesema nami juu ya hili paa."

"Amesemaje?" Mama Pasi aliuliza.

"Liondoke. Mabati mapya, yale mazito, yatatoka dukani kwangu. Fundi nimeshampata."

"Mama, mmeshanisaidia mno. Si mngempa na mwingine?"

"Mnaona?" Mwenyekiti aliwageukia wenzake. "Mnauona unyenyekevu huo? Ndiyo maana Bwana amemchagua."

Mama Pasi alifungua kinywa aseme yote, la sofa, la ndoo, la kadi. Mjukuu alikuwa kitandani amejikunyata ndani ya blanketi, macho yamemtoka kwa maumivu, kwa sababu mvua ya juzi ilipenya juu ya mto wake kabla bibi hajahamisha kitanda. Daktari alitaja mambo mawili, na sasa la pili lilikuwa limesimama mbele yake limevaa kilemba. Angekataa vipi? Akafunga kinywa, kisha akakifungua tena akasema ndiyo.

Fundi alikuja, akashusha madebe, akapandisha mabati. Mama Pasi aliyapanga madebe nyuma ya nyumba, pamoja na mawe na nailoni yake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu. Jioni ya kwanza ilinyesha. Kwa mazoea aliweka beseni pale pa siku zote, akakaa kando yake akisubiri. Mvua ilipiga kelele juu kiasi cha kutosikilizana, lakini beseni lilibaki kavu. Mjukuu alilala fofofo. Mama Pasi alitia mkono ndani ya beseni kuhakikisha, akacheka peke yake. Alifurahi kwelikweli. Na aliogopa, maana paa lile liling'aa hata kwa mbalamwezi.

Siku ya kuizindua Nyumba ya Furaha, asubuhi, habari zilifika kwamba Helmeti yumo mtaani. Mama Pasi na fundi viatu walilitoa sofa haraka. Kulificha sofa chini ya mabati yanayometa vile ilikuwa kazi ya bure kabisa, lakini alishazoea, na mtu akichanganyikiwa hufanya lile analolijua. Ndoo ikapinduliwa. Hapo hapo akina mama wakakata kona wakiimba, wamevaa sare, mchungaji nyuma yao, na spika imebebwa kwenye toroli.

Mwenyekiti aliingia ndani, akatoka. "Mama Pasi, sofa liko wapi?"

Aliyejibu ni mjukuu. "Liko kwa Fundi Viatu. Serikali ikija huwa linakaa huko."

"Serikali?" Mwenyekiti alisema, na kabla hajapata wa kumfafanulia, pikipiki ikasimama.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kumwona mgeni yeyote kama mkutano mzima. Hakuuliza ni nani. Alimshika Helmeti mkono akamvuta mbele ya nyumba.

"Karibu, mwanangu! Umefika saa yenyewe. Ulikuwa unaijua nyumba hii?"

"Naijua sana," Helmeti alisema.

"Basi tazama alivyotenda Bwana! Tazama juu!"

Helmeti alitazama juu. Ndiyo kazi yake. "Haya mabati ni yake, au ameazimwa?"

"Aazimwe kwani hana wenyewe? Ni yake! Hatudai hata msumari mmoja."

"Na lile sofa kwa jirani, mbona mnalitazama wote?"

Mlango wa fundi viatu ulikuwa wazi, na yeye mwenyewe alikuwa amejilaza juu ya sofa, mkono wa sofa ameufanya mto. Alijiinua, akasalimia kwa adabu.

"Hilo nalo ni lake," Mwenyekiti alisema, akainua mkono kama anayeanzisha wimbo. "Leo natangaza mbele ya watu wote. Mama huyu si maskini tena!"

"Amina!" walijibu akina mama, vigelegele vikapanda mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Helmeti alivua helmeti. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa kuona nywele zake, na kumbe zilikuwa zimesukwa vizuri. "Nawashukuru," alisema, bila kejeli. "Mmenipunguzia kazi. Mama, kwa utaratibu ulivyo, ninatakiwa kuichukua kadi."

Vigelegele vilikatika. Mama Pasi alijishika kifuani. Mjukuu aliuona mkono wa bibi yake, akaacha kuchezea nyaya za spika.

"Kadi gani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ya dawa ya mtoto," Mama Pasi alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kumwambia mteja kwamba doa halitatoka. "Serikali inanipa kwa sababu ni maskini. Ndiyo maana sofa lilikuwa likihama. Niliwaficha ninyi, nikamficha na huyu. Nisameheni nyote."

Mwenyekiti aligeuka kwa Helmeti. "Yaani mtu akisaidiwa na kanisa mnamnyang'anya? Mna moyo kweli ninyi?"

"Mama, wako wengi hawajapata kadi. Mwenye nyumba kama hii nikimwacha, asiye na nyumba kabisa nitamwambia nini?"

Ilikuwa hoja, na Mwenyekiti hakuipenda. "Basi chukueni kadi yenu! Dawa kanisa litanunua. Mungu wetu hashindwi."

"Mpaka lini?" Mama Pasi aliuliza.

"Ati?"

"Mtoto anakunywa dawa kila siku, mama. Mwakani mtachagua nyumba nyingine. Nauliza, dawa mtanunua mpaka lini?"

Mwenyekiti alimtazama mchungaji. Mchungaji alikohoa. "Ni jambo la kulileta kwenye kikao," alisema.

Mama Pasi alikigeukia kikao cha pili, yaani Helmeti. "Na wewe, mwanangu. Tuseme sikupewa paa. Mtoto akilowa, akishikwa na maumivu, unakuja?"

"Akiletwa hospitali atatibiwa, mama."

"Sijauliza akiletwa. Nauliza mvua."

Helmeti alishusha macho kwenye viatu vyake. "Mvua haimo katika kazi yangu."

Hakuna aliyekuwa mbaya pale, na hilo ndilo lililoudhi. Fundi viatu, aliyependa kumlaumu mtu, alitafuta wa kumlaumu akamkosa. Helmeti alivaa tena helmeti yake, akasema kuna shughuli, hataki kuivuruga. Atarudi mwisho wa mwezi, na kama mambo yatakuwa hivi hivi, ndipo ataichukua kadi. Pikipiki ikaondoka. Akina mama walijaribu kuimba, wimbo haukukaa sawa, wakafunga toroli lao.

Mama Pasi alikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa huku akipiga pasi. Wenye shida hiyo wataelewa kwamba hakuwa akichagua kati ya jema na baya. Paa lilimlinda mtoto wakati wa mvua. Dawa ilimlinda mvua isiponyesha, na ikinyesha, na baada ya kunyesha. Paa likikosekana, kuna beseni, kuna kuhamisha kitanda, kuna bibi wa kukesha. Dawa ikikosekana, hakuna beseni la kuweka. Alimalizia kola ya shati la mwalimu, akalitundika, akakata shauri.

Alikwenda dukani kwa Mwenyekiti kwa miguu yake iliyovimba. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya marobota ya nyaya na makopo ya rangi, anapimia mteja misumari.

"Nimekuja kukuomba, mama. Mtume fundi aje aliteremshe paa."

Misumari ilimwagika kwenye mizani. "Unasemaje?"

"Mabati yarudi. Na sofa. Nataka nikimwambia yule binti kwamba sina, iwe kweli sina."

"Mama Pasi, nilisimama mbele ya kanisa zima!" Macho ya Mwenyekiti yalijaa machozi, ya hasira kwanza, kisha ya kitu kingine. "Unamrudishia Mungu zawadi yake?"

"Nakurudishia mabati, mama. Mungu nabaki naye."

Mteja wa misumari alijifanya anasoma maandishi ya kopo la rangi. Mwenyekiti alifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Kumbe nilikufanyia hivyo," alisema taratibu. "Mbona hukuniambia?"

"Maikrofoni yenu ni ya kushukuru tu."

Hayakuwa maneno ya kumchoma. Ilikuwa kweli tu, na Mwenyekiti aliisikia hivyo. Siku iliyofuata fundi alikuja na ngazi. Paa linapopandishwa watu huimba, na linaposhushwa watu hutazama. Madebe yalirudi juu, na mawe yake, na nailoni. Sofa lilibebwa kwenda ofisi ya mchungaji, fundi viatu akilisindikiza hadi kona akiwa na uso wa msiba. Kikao cha kanisa, ambacho la dawa hakikulifikia kwa kukosa muda, kilikubaliana upesi kwamba mabati yale yaezeke banda la kuegeshea magari ya wageni. Mpaka leo magari ya wageni hayalowi.

Mwisho wa mwezi Helmeti alirudi. Alimkuta Mama Pasi juu ya ndoo, na mlangoni amesimama Mwenyekiti, mikono mitupu, hana spika wala wimbo. Hakuna aliyejua amefuata nini, na pengine hata yeye hakujua.

Helmeti alitazama juu. Nuru ya matundu ilimwangukia usoni. Alikaa akiyatazama madebe muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akamtazama mtoto, aliyekuwa akikunja vitambaa vya pasi kitandani.

"Uko sawa, mama," alisema, lakini safari hii alilitamka neno hilo vibaya, kama mtu anayesoma maandishi ya mwenzake. "Kadi inabaki."

"Asante sana, mwanangu."

Helmeti alikwenda kwenye pikipiki, akafunga mkanda wa helmeti kidevuni. Alizungumza akiwa anaangalia kioo cha pembeni, lakini sauti aliipaza kidogo ili imfikie aliyekuwa mlangoni. "Mimi nikija huku huwa ni siku za jua. Barabara hii ikilowa, pikipiki haipiti. Kwa hiyo siku za mvua siji, na nisichokiona siwezi kukiandika."

Akawasha, akaondoka. Mwenyekiti alibaki amesimama, anatazama vumbi, midomo inachezacheza kama mtu anayepiga hesabu dukani kwake. Kisha naye akaaga.

Mvua ilikuja alasiri moja bila kupiga hodi. Mama Pasi alikuwa ametia mkaa kwenye pasi. Aliposikia matone ya kwanza juu ya madebe aliiweka pasi chini, akasukuma kitanda ukutani, akamfunika mtoto kwa blanketi na nailoni juu yake, akachukua beseni. Maji yalianza kupita kwenye tundu la kwanza. Akaweka beseni. Yakapita la pili. Akaweka sufuria. Mtoto alikuwa ameanza kukunja magoti, na bibi yake aliijua kukunja hiyo.

Mlango ulisukumwa. Mwenyekiti aliingia amelowa mpaka kwenye soli, hana kilemba, amebeba begani turubai kubwa la kijani la kufunikia saruji, na kamba mkononi. Alikuwa peke yake. Alikuwa ametoka dukani mbio, kwa njia ya nyuma ya nyumba, pale ambapo mtaa haumwoni mtu.

"Ndoo iko wapi?"

Mama Pasi alimpa ndoo. Mwenyekiti aliipindua nje ukutani, akapanda juu yake na mwili wake wote, akaanza kutupa turubai juu ya madebe. Upepo ulilirudisha usoni mwake. Akalitupa tena. Hakuwa na utaalamu wowote wa kufunika, alijua kuuza tu, na ndoo ilikuwa ikilia chini yake.

"Kesho jua likitoka nakuja kulichukua," alipiga kelele juu ya mvua. "Ikinyesha nalirudisha. Na usimwambie mtu. Hata mchungaji."

Mama Pasi alimfuata nje, akasimama chini, maji yakimtiririka shingoni. Ndani, matone kwenye beseni yalianza kupungua, na sauti ya mtoto ikauliza, "Bibi, nani yuko juu?" Alifuta uso kwa kiganja, akaunganisha mikono mbele, akaanza kama alivyofundishwa kanisani. "Bwana asifiwe. Zamani mimi nilikuwa..."

"Nyamaza, mama," Mwenyekiti alisema kutoka juu ya ndoo. "Shika kamba."